Mwangaza na Utofauti katika Picha za Kufundishia

Picha iliyofifia haimsaidii mwanafunzi aliyeketi nyuma. Kwa hiyo yatupasa kuzielewa njia mbili za kuirekebisha kwa kompyuta kabla ya kuichapa.

Picha ya dijitali isiyo na rangi ni mkusanyiko wa nukta, na kwa kawaida kila nukta ina namba yake: 0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa. Tuchukue picha ya jani lenye namba 100, na mshipa wake wenye 120. Tukiongeza mwangaza kwa 50, tutapata 150 na 170. Picha imeng'aa, lakini tofauti imebaki 20 ile ile. Tukizidisha utofauti mara mbili, kila namba husogea mbali na ile ya katikati, yaani 128. Tutapata 72 na 112. Sasa tofauti ni 40, na mshipa unajitokeza.

Hata hivyo, tuwe na kiasi. Nukta za 230 na 250 zikiongezwa 50 zote huishia 255, na kuzipunguza baadaye hakuzitenganishi tena. Basi tuihifadhi picha ya asili, na marekebisho tuyafanye katika nakala yake.