Je, Wajua? Bogenvilia Hupenda Kubanwa

Je, wajua kwamba zile rangi za zambarau na waridi kwenye bogenvilia si maua? Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Mmea huu wa Amerika Kusini, wenye jina la baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ndio ningeuchagua kwanza kwa roshani inayopigwa na jua kutwa. Mizizi ikibanwa kidogo chunguni, na udongo ukiachwa ukauke kabla ya kumwagiwa tena, rangi hububujika. Ukiunywesha kila siku, utavuna majani ya kijani matupu.

Waridi la jangwani nalo, linalojiotea kwenye nyika za Afrika Mashariki, huweka akiba ya maji katika shina lake nene. Linapendeza mno, ila utomvu wake ni sumu iliyopakwa mishale ya wawindaji. Watoto wasiufikie!

Kabla ya kununua chungu, fikiria uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na udongo wa shambani uliolowa ni mzito zaidi: chungu cha lita 60 huzidi kilo 60. Kiweke karibu na ukuta wa nyumba, si ukingoni.