Je, Video za Simu Zinaweza Kulipa Masomo?



Siku hizi hapa Nyunzu, wakati wa mapumziko, neno ni moja tu: video. Wengine wanasema ati ukitia video mbili tatu kwenye YouTube, dola zinaanza kuja. Mwenzetu mmoja alitaka kununua simu yenye kamera nzuri kwa feza ya masomo, kusudi airudishe baadaye. Ndiyo sababu tunaandika.

Kweli, kuna watu wanaopata feza. YouTube inaweka matangazo ya biashara kwenye video, na kwa video ndefu mwenye video anapata asilimia 55 ya feza ya matangazo hayo. Lakini si kila mtu. Sherti uwe na wafuasi 1,000, na watu wawe wametazama video zako saa 4,000 katika miezi 12. Ao video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90.

Tuhesabu pamoja. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtu anatazama dakika 3, sherti video zako zifunguliwe mara 80,000. Na hapo umefika mlangoni tu, hata franka moja bado.

Kisha, nchi unamokaa sherti iwe katika orodha ya mpango huo. Sherti uwe na miaka 18, ao mtu mzima akusimamie. Feza ikifika dola 10, kwa kawaida wanatuma namba ya siri kwa barua ya posta. Nani kati yetu iko na sanduku la posta? Na malipo hayatoki mbele ya kufika dola 100. Tena, ukitia wimbo wa mtu mwingine ndani ya video, feza ya matangazo inaweza kwenda kwa mwenye wimbo.

Basi wanaofaulu wanapataje? Elsa Majimbo, binti wa Kenya, alijulikana mwaka 2020 kwa video za kuchekesha alizojipiga kwa simu nyumbani. Hakungojea matangazo ya YouTube: makampuni yalimwita afanye kazi nayo. Walinunua kipawa chake, si simu yake.

Hata hapa kwetu, anayepiga video ya arusi analipwa na wenye arusi. Hana wafuasi 1,000, lakini watu wanamuamini, na kazi yake wanaiona kwa macho.

Tuliketi na mwenzetu yule, tukafanya hesabu hii kwenye karatasi. Alinyamaza kwanza, kisha akacheka, akaenda kulipa masomo. Sasa anajizoeza kwa simu ya kaka yake, anapiga video za kwaya siku ya Yenga, kisha kuomba ruhusa.

Ndugu, hatusemi muache video. Tunasema: jifunzeni kazi hiyo wakati wa likizo, lakini feza ya masomo musiitie humo. Mtihani wa Serikali haungojei wafuasi.

Sisi, wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6