Ndege nyuki Karatu: Mafunzo yaingie kwenye mkataba

Udongo mwekundu wa Karatu hauna subira na maji. Mteremko ukikosa mfereji mzuri, masika huchimba korongo, na korongo likifika kwenye bega la barabara, kalavati hubaki likining'inia. Mpima ardhi mwenye ndege nyuki anaweza kupiga picha zinazoingiliana za mteremko mzima kwa asubuhi moja, programu ikaziunganisha kuwa ramani yenye kimo cha kila sehemu, na mhandisi akaona maji yatakakopita kabla hajachora mfereji. Hata hivyo, nasema wakandarasi na halmashauri wasianze kwa kununua chombo, waanze na watu. Picha isiyo na alama zilizopimwa ardhini hukosea kimo, na kosa hilo hubadilisha ujazo wa kifusi kinacholipiwa, hata upande ambao maji yatakimbilia. Zanzibar ilishaonyesha njia: mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilipoanza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ndege nyuki, wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walishirikishwa, na ujuzi ukabaki visiwani.

Wapo watakaosema Ngorongoro, jirani ya Karatu, si mahali pa majaribio, kuna wanyama. Wana hoja, na hoja hiyo ndiyo inayodai mafunzo. Tembo hukimbia mlio wa ndege nyuki. Kandokando ya Tarangire na Serengeti, ndege hizo zimewahi kutumiwa kuwafukuza mashambani. Mrushaji asiyejua hilo anaweza kusukuma kundi zima kuelekea kambi ya vibarua. Aliyefundishwa anajua kwamba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ni lazima, kwamba ndani ya hifadhi Mamlaka ya Ngorongoro ina neno lake, na kwamba kwenye kingo za kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, betri huisha mapema na ukungu hushuka ghafla.

Wengine wanahofia ajira za vijana wanaobeba vifaa vya wapima ardhi. Hao ndio wa kufundishwa kwanza, maana wanaujua mteremko kwa miguu, na alama za ardhini bado zinahitaji mikono yao. Chuo cha Ufundi Arusha hakiko mbali. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na Halmashauri ya Karatu, zabuni ijayo ya barabara iyape mafunzo hayo mstari wake na bei yake, kama mnavyofanya kwa kokoto na saruji.