Mashahidi wa Chini ya Jiwe

Sogeeni, wajukuu wangu wa mtaa wa Lumumba. Leo simleti sungura wala fisi. Namleta mdudu, na mdudu huyu ni wa kweli.

Mbuzi akiibwa usiku, wazee humuuliza nani? Hawamuulizi mpita njia aliyefika asubuhi. Humuuliza jirani aliyelala palepale. Mto nao ni hivyo. Ukichota chupa moja ya maji ya Nyamukau, mto unaopita hapa mjini Bunia, umemkamata mpita njia: maji ya juzi yalishakwenda zake, pamoja na uchafu uliomwagwa juzi. Lakini mdudu aliyejibanza chini ya jiwe amekaa pale wiki nyingi, wengine miezi. Kila kilichopita kimempitia.

Ushahidi wake ni huu. Maganda, kinyesi na maji machafu yakitupwa mtoni, vijidudu tusivyoviona huvila, na vikila hutumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikipungua, wa kwanza kutoweka ni mtoto wa nzi wa mawe, yule mwenye mikia miwili. Hawezi kuvumilia. Funza mwekundu wa matopeni hubaki, kwa kuwa wekundu wake ni hemoglobini, kitu kilekile kinachobeba oksijeni katika damu yetu.

Afrika Kusini, watu wa kujitolea na wanafunzi hupima mito yao kwa njia iitwayo miniSASS. Vifaa vyao ni wavu, beseni jeupe na macho makali. Wadudu wamegawanywa katika makundi 13, kila kundi na alama yake. Haya, tuhesabu pamoja. Mmepata minyoo 2, ruba 2, funza 2, konokono 4. Hizo ni alama, si idadi ya wadudu! Jumla 10, gawanya kwa makundi 4, mnapata 2.5. Mto huo unaumwa. Sasa chukueni mto mwingine: konokono 4, kaa 6, mdudu anayejijengea nyumba kwa chembe za mchanga 9, na nzi wa mawe 17. Jumla 36, gawanya kwa 4: alama 9. Huo unapumua vizuri.

Alama hizo zilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini. Watafiti wa Tanzania walitengeneza kipimo cha mito yao wenyewe, TARISS, na mimi naona mito ya hapa kwetu Ituri inastahili chake. Hadi kipatikane, ulinganisheni mto na wenyewe: pimeni upande wa juu wa mahali takataka zinapoingia, kisha upande wa chini yake.

Jambo moja lishikeni sana. Mdudu hawezi kuwaambia kama maji yana kipindupindu, ugonjwa ambao watu wa pwani ya Ziwa Albert wanaujua vizuri. Hata mkimkuta nzi wa mawe, maji ya kunywa yachemsheni.

Mkienda mtoni, nendeni na mtu mzima, vaeni buti, rudisheni kila mdudu alikotoka, kisha naweni mikono kwa sabuni. Na mwezi ujao rudini palepale, na daftari lilelile. Tarehe iandikwe kwanza.