Karakana ya Reli ya Nairobi na Mafundi Wake

Reli haikufika Meru wala Embu. Ilifika Thika mwaka 1913, na kufikia mwaka 1931 ilikuwa imepita upande wa magharibi wa Mlima Kenya mpaka Nanyuki. Hata hivyo, mkulima wa huku, aliyeruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, aliitegemea reli hiyo. Gunia lake lilitoka kwa lori, kisha likaenda pwani kwa gari la moshi. Na gari la moshi lilitegemea karakana ya Nairobi.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilipofika Nairobi mwezi wa Mei 1899, wakubwa wa reli waliona kwamba hapo pana maji na uwanda mpana, na mbele yake kuna mwinuko mkali wa kwenda Kikuyu. Basi makao makuu na karakana vikahamishwa kutoka Mombasa. Mji wa Nairobi ulikua kando ya karakana hiyo.

Kazi ya humo si mchezo. Maji yakichemka ndani ya injini siku nyingi huacha magadi na ukoko katika mabomba. Usipouondoa, moto hupotea bure na chuma huungua. Gurudumu nalo huliwa na reli, nalo lazima likerezwe upya mpaka liwe mviringo kamili. Fundi akikosea kidogo tu, behewa huweza kuacha njia.

Injini kubwa kuliko zote zilizotunzwa na reli yetu zilikuwa 34, zilizotengenezwa Manchester, Uingereza, na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na magurudumu 28 na uzito wa takriban tani 250. Zilipewa majina ya milima. Moja iliitwa Mount Kenya, mlima wetu wenyewe. Nyingine Mount Meru, ingawa Meru hiyo ni ya Arusha.

Lakini tusisahau jambo moja. Katika siku za ukoloni kazi zilipangwa kwa rangi: Mzungu msimamizi, Mhindi fundi, Mwafrika kibarua au msaidizi; na mshahara ulifuata mpango huo huo. Mwafrika alishika taa na kupokeza nyundo. Hata hivyo, macho hayafungwi. Aliyeshika taa aliona jinsi kazi inavyofanywa, na wakati nafasi zilipofunguliwa, wengi walikuwa tayari wameujua ufundi.

Injini za dizeli zilianza kushika nafasi ya mvuke baada ya mwaka 1960. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na reli yake na mafundi wake. Leo Mount Gelai na Mount Shengena, dada zake Mount Kenya, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Msomaji akizitazama, asistaajabie ukubwa wa chuma peke yake. Chuma kinaweza kununuliwa ng'ambo kwa siku moja. Mtu wa kukitengeneza hupatikana kwa miaka mingi. Mkulima mwenye mashine ya kukoboa kahawa analijua jambo hili vizuri: usipoziba ufa, utajenga ukuta.