Wastani wa Umri Usikudanganye: Pesa Zako za Uzeeni Zinafaa Kudumu Miaka Mingapi?

Wengi wetu tunajua bei ya unga leo na karo ya muhula ujao. Lakini ukiulizwa pesa zako za uzeeni zinafaa kudumu miaka mingapi, jibu huwa moja: "Mungu ndiye anajua." Ni kweli, siku ya kuondoka hakuna aijuaye. Hata hivyo, wako watafiti ambao kazi yao ni kuchunguza binadamu wanaishi miaka mingapi na kwa nini. Matokeo yao yanagusa mfuko wako moja kwa moja, kwa hivyo hebu tuyapitie pamoja.

Wastani unavyodanganya

Kulingana na sensa ya 2019, wastani wa umri wa kuishi Kenya ni miaka 60.6 kwa wanaume na 66.5 kwa wanawake. Mtu akisoma hivyo anasema, "Kumbe nikistaafu nikiwa na 60 nitakuwa nimebakisha miezi tu! Ya nini kuweka akiba?"

Hapo ndipo wengi wanapotea. Wastani huo unahesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto wachanga wanaofariki, vijana wanaokufa kwenye ajali, na akina mama wanaopoteza maisha wakijifungua. Tuseme familia ina watoto wawili. Mmoja alifariki akiwa na miaka 2, mwingine akaishi hadi 80. Wastani wao ni miaka 41, lakini hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 41.

Mtu aliyefikisha miaka 60 ameshavuka hatari hizo zote za mapema. Kwa wastani, Mkenya wa umri huo bado ana zaidi ya miaka 15 mbele yake. Na kwa sababu huo nao ni wastani, kuna wengi watakaofika 80, na wengine 90 na zaidi. Kwa hivyo usipange pesa zako kwa kuangalia ile 60.6. Jiulize: nikifika 85, nitakula nini?

"Lakini baba alifariki mapema"

Kuna wanaojipimia kwa wazazi: baba aliondoka akiwa na 58, basi na mimi sitafika mbali. Mwaka 1996 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti wa jozi zaidi ya 2,800 za mapacha waliozaliwa kati ya 1870 na 1900. Walikadiria kwamba urithi wa damu unaeleza takriban robo tu ya tofauti za umri wa kuishi. Sehemu kubwa inayobaki inatokana na mengine: chakula, kazi, magonjwa, matibabu, na bahati pia. Pengine baba yako hakupata dawa za presha ambazo wewe unazipata leo. Umri wake si ratiba yako.

Je, tutaishi hadi 100?

Mtu aliyeishi miaka mingi zaidi kwa rekodi zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122. Huyo ni mmoja kati ya mabilioni. Tukiangalia watu wa kawaida, watafiti Jim Oeppen na James Vaupel walionyesha mwaka 2002 kwamba, tangu 1840, wastani wa umri wa wanawake katika nchi inayoongoza duniani ulikuwa ukipanda karibu miezi mitatu kila mwaka. Mwaka 2024, S. Jay Olshansky na wenzake wakasema kasi hiyo imepungua katika nchi zenye watu wanaoishi zaidi, na kwamba wengi wa watoto wa leo hawatafika 100.

Wanabishana kuhusu kilele, na mjadala huo haujaisha. Kwetu sisi jambo kubwa ni kwamba hata bila kufika 100, watu wanaopita 70 na 80 wanaongezeka. Japani mwaka 1963 ilikuwa na watu 153 tu wenye miaka 100 au zaidi. Kufikia 2024 walikuwa wamepita 95,000. Kwetu Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea.

Watoto wachache, bili ni ile ile

Zamani pensheni ya wengi ilikuwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata 3.4.

Fanya hesabu. Mzazi anahitaji shilingi 12,000 kwa mwezi za chakula, dawa na kibarua wa shamba. Watoto wanane wakichanga, kila mmoja anatuma 1,500. Wakiwa watatu, kila mmoja anatuma 4,000, na wakati huo huo analipa kodi ya nyumba na karo ya watoto wake. Mmoja akipoteza kazi, wawili waliobaki wanatuma 6,000 kila mmoja. Na sasa mzazi huyo anaweza kutegemea kutumiwa kwa miaka 20. Watoto hawajawa wabaya. Mzigo ule ule umebaki na mabega machache.

Serikali nayo inasaidia, lakini kwa kiasi. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na 60, umri uliopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Kwa fundi, mama mboga au mtu wa boda boda hakuna barua ya kustaafu: mgongo ndio unaoandika barua hiyo, na mara nyingi unaiandika kabla ya 70.

Hesabu ya hamsini bob

Sasa tuje kwenye simu yako. Chukua shilingi 50 kwa siku, yaani 1,500 kwa mwezi. Tuseme unaziweka mahali panapokupa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na riba inaongezwa kila mwezi. Huu ni mfano tu, riba halisi hupanda na kushuka.

- Ukianza na miaka 45 hadi 60, utaweka jumla ya shilingi 270,000. Utapata karibu 519,000.
- Ukianza na miaka 30 hadi 60, utaweka jumla ya shilingi 540,000. Utapata karibu milioni 2.2.

Umeweka mara mbili, umevuna zaidi ya mara nne. Kilichofanya kazi hapo ni muda, kwa sababu riba nayo inazaa riba. Ukitoa shilingi 10,000 kila mwezi, hata bila kuhesabu riba baada ya hapo, fungu la kwanza linaisha kwa miaka minne na kitu. La pili linakubeba zaidi ya miaka 15.

Usisahau mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, kitu cha shilingi 10,000 leo kitakugharimu zaidi ya 20,000 baada ya miaka 15. Ndiyo maana pesa zikikaa tu kwenye simu bila kuzaa, zinapungua nguvu hata kama salio halijabadilika. Salio la simu ni la matumizi. Akiba ya uzeeni iweke mahali pengine.

Pa kuanzia

Si lazima uwe na payslip. NSSF ina mpango wa hiari uitwao Haba Haba kwa waliojiajiri, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Mpango wa Mbao ulianzishwa 2011 kwa ajili ya watu wa jua kali, na jina lake linatokana na "mbao", yaani zile shilingi 20 za kila siku. Yote miwili unaweza kuilipia kwa simu. Kabla ya kujiunga na mpango wowote, fanya mambo haya:

1. Hakikisha umesajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia malipo ya uzeeni. Anayekuahidi pesa mara mbili kwa mwezi mmoja, mkimbie.
2. Uliza ada ni ngapi, na ni lini unaruhusiwa kutoa pesa.
3. Weka siku maalum ya kulipa. Ukingoja kibaki kitu, hakitabaki.
4. Andika jina la mrithi, na umwambie mtu unayemwamini kwamba akiba hiyo ipo. Pesa nyingi huishia UFAA, inayoshikilia mali isiyodaiwa, kwa sababu familia haikujua.
5. Chama kinasaidia sana kwa dharura na kuanzisha biashara, lakini kikigawana pesa kila Desemba, hiyo si pensheni.

Na kama unamtumia mzazi pesa kila mwezi, kuna jambo moja zaidi. Keti naye siku moja umfundishe kutumia PIN yake mwenyewe, bila kumpa jirani wala wakala. Mueleze kwamba hakuna mfanyakazi wa kampuni atakayempigia simu kumuuliza PIN, hata akijua majina yake yote matatu. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi, ndivyo watakavyotumia simu wakiwa na umri mkubwa, na matapeli wanalijua hilo.

Ukimaliza kusoma, chukua kalamu. Andika umri wako, andika 85, kisha uhesabu kati ya hapo ni miaka mingapi utakuwa ukifanya kazi na ni mingapi utakuwa ukila tu. Hiyo namba ya pili ndiyo hamsini bob yako ya leo inafanyia kazi.