Unamsagia bibi dawa ya presha kwenye uji? Soma hii kwanza

Bibi hawezi kumeza kidonge, kinamkwama kooni. Basi mtu anachukua vijiko viwili, anakisaga, anakoroga kwenye uji, na bibi anakunywa bila shida. Nyumba nyingi hufanya hivyo, na kwa vidonge vya kawaida kama paracetamol mara nyingi hakuna neno. Lakini kuna vidonge ambavyo ukivisaga tu, umeshaibadilisha dawa yenyewe.

Ili uelewe, kifuate kidonge kinakokwenda.

Ukikimeza kinafika tumboni, kinalowa na kuvunjika. Dawa nyingi hazinyonywi hapo bali kwenye utumbo mdogo, ndiko zinakopenya na kuingia kwenye damu. Ila damu hiyo haiendi moja kwa moja kwenye kichwa kinachokuuma. Inapita kwanza kwenye ini, na ini ni kama forodha: baadhi ya dawa zinakatwa kiasi kikubwa kabla hazijafika popote. Ndiyo maana dozi ya morfini ya kunywa huwa kubwa kuliko ya sindano. Ndiyo maana pia mgonjwa wa moyo mwenye maumivu ya kifua hupewa nitrogliserini aiweke chini ya ulimi. Mishipa midogo ya pale inaichukua bila kupita kwenye ini, na dakika chache baadaye anaanza kupata nafuu. Insulini ndiyo haiwezi kabisa njia ya tumbo. Ni protini, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama na maharage, kwa hiyo inachomwa sindano.

Sasa watengenezaji wa dawa wanaijua safari hii, na wanacheza nayo.

Kuna kidonge kinachovikwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo, linafunguka likifika kwenye utumbo. Diclofenac nyingi ziko hivyo, ili zisiukwaruze ukuta wa tumbo. Omeprazole ni kinyume chake: hapo linalokingwa ni dawa, maana asidi ingeiharibu. Fungua kapsuli yake utaona vipunje vidogo, na kila kipunje kina koti lake.

Halafu kuna vidonge vya kutoa dawa polepole, na hapa ndipo uji wa bibi unapoingia. Chukua nifedipine ya presha, ile ya muda mrefu. Ndani ya kidonge kimoja kuna dawa ya saa 12 au 24, imefungwa itoke kidogo kidogo. Ukikisaga umevunja mlango wa ghala: dawa ya siku nzima inaingia kwenye damu kwa mkupuo. Presha inaweza kushuka ghafla, bibi akaona kizunguzungu, moyo ukaenda mbio, akaanguka akielekea chooni. Baadaye dawa inaisha mwilini kabla ya saa ya dozi nyingine, presha inapanda tena. Nyumbani mtasema dawa ni kali, au haimfai, kumbe kosa ni vile vijiko viwili.

Utazijuaje? Angalia jina kwenye boksi. Likifuatwa na SR, XR, MR, ER, LA au neno Retard, usisage na usitafune. Mstari wa katikati usikudanganye: ukiwepo, ni wa kukata, si wa kusaga. Kama mgonjwa hawezi kumeza, mwambie daktari au mfamasia hivyo hivyo bila kuona aibu. Mara nyingi kuna dawa ya maji, au kidonge cha kawaida cha kunywa mara nyingi zaidi kwa siku. Usikae tu ukaacha dawa ya presha kwa sababu umesoma hapa.

Wazo hilo la kutoa polepole limefika mbali. Vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono hufanya kazi hiyo hiyo, Implanon kwa miaka 3 na Jadelle kwa miaka 5.

Na chakula nacho kina kazi yake. Mseto wa malaria, yaani ALu, unapenda mafuta. Lumefantrine iliyomo hunyonywa vizuri zaidi ukila chakula chenye mafuta au ukinywa maziwa. Anayeumeza kwa maji matupu kwa sababu hana hamu ya kula anaweza kumaliza dozi zote 6 na mwili usipate dawa ya kutosha. Hata kikombe cha maziwa kinasaidia.

Jambo la mwisho, maana huwa linatisha watu: ukitumia baadhi ya vidonge vya polepole unaweza kuona kitu kama kidonge kizima kwenye choo. Usirudie dozi. Ni ganda tupu, dawa ilishatoka.